Swichi Nane na Salamu za Kila Saa

Kaa hapo, usikie. Siyo kwenye hilo kreti, hilo ni la Mzee Haroun, na ukilikalia utapewa mhadhara wa adabu mpaka magharibi. Kaa kwenye jora, ni gumu lakini halina mwenyewe. Hiki ndicho kijiwe chetu: ubao mmoja juu ya majora ya kitambaa yaliyokataliwa soko la vitambaa la Zhongda kwa kuchuja rangi, nyuma ya jengo letu la ghorofa nane, uchochoro mmoja kutoka jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou. Malori ya mizigo yanaingia hapa kinyumenyume kutwa nzima, yakija tunakunja miguu, yakipita tunaikunjua, na mazungumzo hayakatiki. Kahawa anapika Vuai, Mpemba wa watu, wakala wa kontena, zamani dereva wa lori. Buni anatumiwa kutoka nyumbani kwenye begi la kila anayekuja. Mimi naitwa Msabaha, ila ukimuulizia Msabaha hapa watakushangaa. Uliza Nyaya.

Na jina la Nyaya nimelipata kihalali. Shule tuliachana kidato cha pili, kule Tanga, hatukugombana, tuliachana tu kama watu wazima. Guangzhou nilikuja kumsaidia binamu yangu kufunga mizigo ya simu. Binamu akarudi, mimi nikabaki na bisibisi yake. Kumbe bisibisi ni cheti. Meneja wa jengo, Liang, fundi wake wa mtandao alimkimbia akaenda Shenzhen, na siku moja akanikuta nimelala chali chini ya meza ya Vuai natengeneza waya wa simu. Akaniangalia, akaniangalia, halafu akanirushia ufunguo wa chumba cha nyaya. Mswahili wa kidato cha pili, nimekabidhiwa nyaya za jengo zima la Wachina. Mwaka huu wa tisini na tisa hakuna mwenzangu wa Tanga mwenye ufunguo kama huo, labda uniletee.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, intaneti ya jengo inalala. Vuai akituma imeili ya karatasi za kontena saa nne, huko Dar inasomwa baada ya adhuhuri, na meli haimsubiri mtu. Ghorofa ya sita ndiyo yetu, ofisi kumi na moja, Wabongo, Wakenya na Wakongo. Liang akawa hana shaka hata chembe kwamba ni sisi tunaokula laini. Jumamosi akaniita ofisini kwake ghorofa ya nane, akaniambia kwa Kiingereza chake na kwa mikono: waya mkubwa wa jengo haututoshi wote, mpya utavutwa Februari baada ya mwaka mpya wao, na mpaka hapo ghorofa moja lazima ichomolewe. Ila yeye ni mtu wa karatasi. Ijumaa saa kumi nimpelekee karatasi moja inayoonyesha ghorofa inayokula kuliko zote. Jumamosi asubuhi anachomoa. Karatasi moja, ghorofa moja, na hakuna kubembeleza. Nikajaribu kubembeleza. Akasema bu xing, haiwezekani, akarudi kwenye chai yake.

Miezi mitatu bila imeili, kwa watu wa kontena, ni kufungashwa virago. Basi ona nilichobeba.

Nikaingia chumba cha nyaya. Nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapovimba kichwa na nina haki. Kila ghorofa ina swichi yake, kile kisanduku chenye taa za kijani, waya zote za ghorofa zinaingia humo. Ndani ya kila swichi ni kama kuna karani, anahesabu kila kinachopita, usiku na mchana, hachoki, halafu hamwambii mtu mpaka aulizwe. Lugha ya kumuuliza inaitwa SNMP. Mimi nikapata programu ya bure ya kuuliza, nikaipakua kwa siku mbili kwa laini ileile iliyolala, nikaiweka kwenye kompyuta chakavu ya Liang. Kazi yake ni hii: inapita ghorofa moja moja, inabisha, inataja neno la siri, inauliza, "Zimepita ngapi?" Karani anajibu namba. Inatoa namba ya mara iliyopita, inayobaki ndiyo iliyopita katikati hapo, inachora mlingoti. Mlingoti mrefu, mlaji mkubwa.

Kuiseti ndiyo kazi. Anwani nane za swichi, ukikosea nukta moja programu inakaa kimya kama bubu. Na lile neno la siri. Nilijaribu jina la Liang, jina la mkewe, nane nane nane kwa sababu Wachina wanaiona ya bahati, nikajaribu hata jina la mbwa wa mlinzi. Kumbe neno ni lilelile ambalo swichi zilitoka nalo kiwandani, limeandikwa kwenye kijitabu ukurasa wa tatu, hakuna aliyewahi kulibadilisha. Jumatatu saa nne asubuhi swichi ya kwanza ikanijibu. Nilisimama nikaipigia saluti, wallahi, peke yangu mle ndani.

Nikashuka kijiweni nikiwa mrefu kuliko nilivyopanda. Nikawaeleza kama nilivyokueleza. Mzee Haroun, wa Kariakoo, anauza simu, tunamwita Shikamoo kwa sababu hamjibu mtu ambaye hajamwamkia, akaweka kikombe chini.

— Unaziuliza kila baada ya muda gani?

— Dakika tano, mzee.

— Zote nane?

— Zote.

— Kijana, mimi nikikusabahi kila dakika tano utanijibu, au utanipeleka Mirembe kwa wehu?

Akaendelea pale kama nusu saa. Kwamba kwao mtu anasalimia mara moja, anakaribishwa, anatulia. Kwamba anayerudia rudia salamu ana jambo, ama anakopa ama anapeleleza. Kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, na maswali yangu nayo si yanapita kwenye waya huohuo? Liang akigundua kwamba mashine ya Mwafrika inakula laini kwa kuuliza nani anakula laini, je? Hapo akanishika. Simiyu akadakia. Huyu ni wa Bungoma, anauza vipuri, tunamwita Spea.

— Maze Nyaya, mkono mtupu haulambwi. Unauliza hao makarani bure kila saa, hata chai huwapi. Wataanza kukudanganya, msee.

Nikamtazama Mama Denise, nikidhani mwanamke wa watu ataniokoa. Mama Denise ni wa Lubumbashi, anatengenezesha vitenge hapa na kuvipeleka kwao, tunamwita Mama Wax.

— Hata padri anatuungamishaka mara moja ku semaine, ku juma, mwana, akasema. We unataka ile machini itubu kila dakika tano. Itatubu nini?

Kijiwe kikaanguka kwa kicheko, na mimi mtu mwenye akili zangu nikapanda juu, nikafungua faili la mipangilio, nikafuta tano nikaandika sitini. Mara moja kwa saa. Nikajiona nina mtandao wenye adabu kuliko yote China nzima.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, makarani wanaulizwa kistaarabu. Alhamisi mchana nikachapa. Ghorofa zote fupi fupi, na ya sita imesimama juu yao kama minara ya msikiti. Ghorofa ya tatu imelala kabisa, sifuri, sifuri, sifuri, ila mlingoti mmoja tu mrefu wa ajabu Jumanne saa nne, umetoboa mpaka juu ya karatasi. Nikajua hilo ni kosa la mashine, sifuri kutwa halafu ghafla mlima? Nikaufuta. Karatasi inakwenda kwa bosi, lazima iwe safi.

Nikashuka nayo nikaitandaza kwenye ubao. Hakuna aliyecheka.

Mzee Haroun ndiye wa kwanza kupata sababu. Majina yetu, alisema. Mchina anaandika Li, amemaliza. Yeye akiandika Haroun bin Abdulhadi bin Msellem, na huyo anayemwandikia naye ana baba na babu, imeili imeshajaa kabla ya habari yenyewe. Simiyu akasema majina ni kitu kidogo, shida ni salamu. Mchina anaandika bei. Sisi tunaanza na afya, tunakuja kwenye mvua, tunamuuliza shangazi, tunampa pole ya msiba wa mwaka juzi, ndiyo tufike kwenye bei, na kule naye anajibu kimoja kimoja. Laini lazima ilemewe. Yule alikuwa akisema hivyo huku anajigamba, nikuambie ukweli. Na sote tukajigamba kidogo. Kama tunakatwa, basi tunakatwa kwa ubinadamu.

Mama Denise akasema hapana, machini imefundishwa na Liang, inatuchukia, mtu anaona hata kwa namna ilivyochora, ghorofa ya sita imewekwa wino mweusi. Nikamwambia wino wote mweusi, mama. Akasema wa kwetu ni mweusi zaidi. Simiyu akapanda tena, akasema yeye anashuku lifti: waya umepita pembeni ya lifti, lifti ikipanda inavuta namba za ghorofa za chini inazimwaga juu, na ndiyo maana ya tatu haina kitu. Mzee Haroun akakubali, eti aliye juu mngoje chini. Hata hakuna aliyeuliza methali hiyo imefikaje pale.

Vuai alikuwa anahangaika na mdila wake wa kahawa. Halafu akaanza, kama kawaida yake, habari za lori. Hana habari nyingine. Sisi tulishajua kila kona ya barabara ya Tunduma bila kufika. Lakini siku hiyo tukamwacha.

— Nilikuwa na Scania moja, akasema, mita yake tarakimu tano. Tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa, ikifika hapo inarudi sifuri, inaanza upya. Tajiri wangu anasoma mita wakati natoka na wakati narudi, basi. Siku hiyo nimetoka Dar inasoma tisini na tisa elfu na ushee. Nimekwenda Tunduma nikarudi, inasoma elfu moja. Tajiri kaangalia, kaona namba imerudi nyuma. Unajua kaandika nini kwenye daftari lake?

— Kaandika nini?

— "Gari lililala." Safari nzima. Nimekula vumbi siku tano, kaandika gari lililala.

Wenzangu wakacheka. Mimi nikaivuta karatasi, nikaitazama tena ghorofa ya tatu.

Kwa sababu karani wa swichi naye mita yake ina mwisho. Bilioni nne na ushee, ikifika hapo inarudi sifuri, inaanza upya, nilishaisoma kwenye maelezo nikaipita kwa mbio maana nilisema bilioni nne ni nyingi, nani atazimaliza. Na programu yangu ikikuta namba ya sasa ni ndogo kuliko ya zamani inafanya kama yule tajiri: inadhani swichi ilizimwa ikawashwa, inaandika sifuri. Ghorofa inayopitisha kidogo, uiulize kwa saa au kwa siku, mita yake haifiki mwisho upesi. Lakini ghorofa inayobugia, inayoweza kuzunguka mita karibu nzima ndani ya saa moja? Kila ukirudi unakuta namba iko nyuma. Unaandika imelala. Na ile saa moja ambayo bahati mbaya haikupita kwenye sifuri, ndiyo ule mlingoti. Nilioufuta mimi.

— Mzee Haroun, nikasema, adabu yako imetumaliza.

— Adabu gani?

— Ya kuuliza mara moja kwa saa. Tajiri wa Vuai angesoma mita kila kituo, Chalinze, Morogoro, Iringa, angeona inazunguka sehemu moja tu na kwingine inakwenda sawa. Hizi dakika tano hazikuwa kero. Ndizo zilizokuwa macho.

Nikapanda ngazi, lifti sikuisubiri. Nikafungua faili, nikafuta sitini, nikarudisha tano. Tena nikaiambia programu, namba ikirudi nyuma mara moja usiandike sifuri, hesabu kwamba imezunguka. Hilo nililitafuta kwenye maelezo yake ya Kiingereza, kamusi mkononi, neno kwa neno, saa nzima, na nikalipata mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Andika hilo kama unaandika.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Saa tatu na dakika tano ghorofa ya tatu imeinuka. Na dakika kumi imepanda tena. Mpaka saa sita mchana sisi wa sita tulikuwa kama nyasi na ya tatu ilikuwa mnazi. Nikachapa. Karatasi ikatoka ya moto. Jengo zima lilisema ni sisi. Meneja, mlinzi, hata yule mama anayefagia ngazi alikuwa akituona anatikisa kichwa. Na siyo sisi. Na aliyejua siyo sisi, akaweza kuonyesha siyo sisi, ni mtu wa Tanga na bisibisi ya kuazima.

Baada ya swala ya Ijumaa wakashuka wote, kanzu bado zimenyooka. Nikatandaza karatasi. Mzee Haroun alivaa miwani, akaisoma kimya, halafu akafanya kitu ambacho hakijawahi kutokea hapa. Akanipa mkono kwanza, kabla sijamwamkia. Simiyu akasema leo kahawa ya Nyaya hailipiwi, Vuai ndiye anatoa. Vuai akasema lori lake ndilo lililogundua, aandikwe na yeye. Tukabishana nani aandikwe kwanza. Ikanoga.

Kisha Simiyu akauliza ghorofa ya tatu kuna nini kwani. Nikasema kuna studio moja tu, imeshika ghorofa yote, wana skana kubwa kama kitanda. Wanapiga picha michoro ya vitambaa, picha moja ina ukubwa wa ajabu, wanaishusha kwa waya mpaka kiwandani huku chini ya jengo, wanachapa. Kutwa nzima, picha juu ya picha, na ileile inashushwa tena kila rangi ikirekebishwa.

Mama Denise alikuwa ameshika kikombe. Hakukiweka chini, wala hakunywa.

— Ile njo ya kwangu, akasema.

— Ya kwako nini, mama?

— Ile mapicha. Ni yangu. Kitenge ya Jubilé ya mwaka elfu mbili, ya bamama ya paroisse. Michoro kumi na mbili. Tano imeisha, saba inabakia. Miye njo nilibaambia bafanye picha kubwa, rangi isipoteze. Nilisema kubwa, kubwa zaidi.

Lori likaingia kinyumenyume. Tukakunja miguu. Likapita. Hakuna aliyeikunjua.

Kitenge cha Jubilei kikifika Lubumbashi Februari, sherehe yenyewe imeshapita, ni matambara, hilo hata mimi wa msikitini nalijua. Akina mama wa parokia yake walishachangishana, walishapimwa mpaka mishono. Mama Denise aliwatajia jina lake kama dhamana. Na yeye pia ofisi yake iko sita. Kwa hiyo nikipeleka karatasi ya kweli, ofisi yake inapona na kazi yake inakufa. Nikipeleka ile ya jana, ya milingoti ya uongo, kitenge chake kinapona, na ofisi kumi na moja zinazimwa kwa jambo ambalo hazikulifanya.

Tukaanza kutafuta mlango wa katikati. Simiyu akasema picha zishushwe kwa flopi. Nikampigia hesabu, mchoro mmoja ni flopi sitini, na flopi ya arobaini lazima iharibike, ndiyo tabia yao. Vuai akasema basi ibebwe kompyuta yenyewe, mabega yapo. Mama Denise akasema alishawahi kuwaomba hilo siku umeme ulipokatika, laoban, yaani bosi wao, alikataa, mle kuna michoro ya wateja wengine, mashine haivuki kizingiti. Mzee Haroun akasema nimpelekee Liang karatasi ya ghorofa ya nane, yake mwenyewe, akajichomoe. Tulicheka, ila kicheko cha kukohoa. Halafu akasema taratibu kwamba yeye ndiye aliyeniambia niulize kwa saa, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa juu ya ile karatasi ya jana alaumiwe yeye, anaweza hata kupanda na mimi. Nikamwambia mzee, kupanda siyo shida. Shida ni nimeshika nini mkononi.

Nikamwangalia Mama Denise.

— Usiniangalie miye, akasema. Weye njo ulifundisha ile machini kuuliza. Isome tu vile inasema.

— Nikiisoma hivyo unaumia.

— Nilisema isome, mwana.

Sauti yake ilikuwa imenyooka. Lakini mkono uliokuwa na kikombe ulikuwa umemwagia kahawa kwenye kitenge chake mwenyewe, na hakuifuta.

Saa tisa na nusu hiyo. Ndipo alipotokea dada mmoja mgeni, begi mgongoni, karatasi ya anwani mkononi. Getrude, wa Mwanza, safari yake ya kwanza, amefika jana anamtafuta Vuai kwa habari ya kontena. Akaamkia shikamooni, Mzee Haroun akaitikia kwa furaha ya mtu aliyepata kitu cha kuitikia, akamsogezea nafasi. Akatuomba radhi kwa kuchelewa. Alipotea kwenye lifti, akashukia ghorofa siyo, akakuta wasichana wa Kichina kama kumi hivi wameinamia michoro ya vitenge. Wakampa maji ya moto, wakamshika mkono mpaka kwenye lifti, mmoja akamchorea ramani ya uchochoro huu nyuma ya karatasi yake. Akatuonyesha. Ramani nzuri, hata malori amechora.

Ghorofa ya tatu hiyo.

Akaona nyuso zetu, akauliza kuna nini. Vuai akamweleza yote, mita na salamu na karatasi mbili, na Jumamosi asubuhi. Alieleza vizuri, maana kwa kweli sasa sote tulikuwa tunaijua ile kazi kama tumeisomea. Dada yule akasikiliza mpaka mwisho. Mimi nikajua atauliza habari za swichi, nikajiweka sawa kumjibu.

— Sasa wale wasichana, akasema, wao wanajua kwamba wanapimwa?

Simiyu akaichukua ile ramani, akaitazama upya.

Wiki nzima sisi tulilalamika nini? Kwamba Liang ametuhukumu bila kutuuliza. Mimi nimeseti mashine inayouliza swichi nane, kila dakika tano, haichoki, mara elfu mbili na mia tatu kwa siku. Na tangu Jumatatu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ghorofa ya tatu akamuuliza mtu kitu. Sisi wa salamu ndefu.

Vuai akainamisha mdila. Likatoka tone moja na machicha.

Nikainuka. Karatasi ya jana mfuko wa kushoto, ya leo mfuko wa kulia, na saa kumi inakosa dakika kumi na mbili. Liang huwa anaondoka saa kumi na robo, akienda amekwenda, na asubuhi akiingia bila karatasi anachomoa anayemjua yeye, yaani sisi. Mzee Haroun akaniambia twende. Nikamwomba aniache. Kazi ni yangu, nimeiseti mwenyewe, nitaimaliza mwenyewe.

Lifti ikafunguka, ndani hakuna mtu. Vitufe viwili vinanitazama: tatu na kule juu nane. Nikipita tatu nikawaambia wenyewe, pengine laoban wao anajua njia tusiyoijua, pengine picha zinaweza kushushwa wakati wa chakula, pengine atanifukuza tu na Liang atakuwa ameshaondoka. Nikienda moja kwa moja nane nina karatasi ya kweli mkononi, nzuri kuliko yoyote iliyowahi kuchapwa jengo lile, na ofisi kumi na moja zinanisubiri chini.

Mlango ukaanza kujifunga. Wewe, ungebonyeza kipi?